Kusoma Riwaya Ile Ile kwa Mara ya Nane

Swali: Shikamoo mwalimu. Niko mwaka wa pili wa uzamili, nasomea uandishi wa kubuni, na natakiwa kukabidhi riwaya fupi kabla ya Desemba. Asubuhi nafundisha tuisheni, mchana niko chuo, usiku narudi Kimara nimechoka hoi. Orodha ya kozi ina vitabu 40 na nimesoma 11 tu. Badala ya kuendelea, kila usiku mkono unaangukia vitatu vile vile: Rosa Mistika na Kichwamaji, vyote vya Kezilahabi, na Vuta n'kuvute ya Adam Shafi. Hiki cha mwisho nakisoma kwa mara ya nane. Msimamizi wangu ameniambia nasoma kama mtoto anayedai hadithi ile ile. Kibaya zaidi, nikipitia nilichoandika nasikia sauti za hao waandishi, yangu siisikii. Je, huu ni uvivu? Niviweke kando mpaka nimalize shahada?

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nitangulize jibu lenyewe usije ukalitafuta huku umesimama kwenye basi la mwendokasi: usiviweke kando. Ila kwa jinsi ulivyojieleza, sehemu kubwa ya huko kurudia kwako ni kujificha, na hilo nitalifikia huko mbele, kwa hiyo usishangilie mapema.

Kwanza nimalizane na huo mfano wa mtoto. Msimamizi wako ameutoa kwa kebehi, lakini yeyote aliyewahi kumsimulia mtoto hadithi anajua hakuna msomaji mkali kama huyo. Ukisema "Paukwa" anaitika "Pakawa" huku ameshajua sungura ataingia wapi na atatoka na nini. Ukiruka kipande, au ukimleta fisi kabla ya zamu yake kwa sababu usingizi umekuzidi, anakusimamisha: "Siyo hivyo bibi, fisi bado." Nini kitatokea anakijua tangu wiki iliyopita. Anachosikiliza ni mpangilio, na ninawajua wahakiki wenye shahada mbili ambao hawajafika hapo. Huko Lamu na Pate, Utendi wa Mwana Kupona, ambao mama aliutunga mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake, ulinakiliwa kwa mkono na kughaniwa kizazi baada ya kizazi. Sijawahi kusikia mwanamke aliyeambiwa aache kuughani kwa kuwa ameshausikia.

Aibu ya kurudia kitabu tumeipata darasani. Vuta n'kuvute nadhani ulikutana nayo kidato cha tano, kama wenzako wengi, na ulifundishwa kuivuna: dhamira, migogoro, ujumbe, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, hoja tano zenye mifano miwili miwili. Hoja zikishatoka, kitabu kimebaki chicha, tui limeshakamuliwa, unakwenda kwenye nazi nyingine. Orodha yako ya vitabu 40 ina faida zake, nami ningekutaka uimalize, lakini usipoangalia itakuwa uvunaji ule ule uliovaa suti. Mwandishi hasomi ili atoke na hoja tano. Anasoma ili ajue kitu kimejengwaje, na nyumba huwezi kuijua ilivyojengwa kwa kupita sebuleni mara moja na kupewa soda.

Sasa nije kwenye kiini. Riwaya unayoipenda unazo mbili. Kuna ile iliyochapishwa, yenye jalada lililochanika kwenye pembe, na kuna ile unayotembea nayo kichwani. Hazifanani. Hata baada ya mara nane nakuhakikishia hazifanani. Na somo lako wewe, kama mwanafunzi wa uandishi, liko kwenye hiyo tofauti. Anayesoma mara moja haioni, kwa sababu hana cha kulinganisha. Ila wewe nawe hujaiona, kwa sababu kila unapoikumbuka riwaya unakimbilia kuifungua, na kumbukumbu yako haipati nafasi ya kusimama peke yake ikaonekana umbo lake.

Nikupe mfano wangu. Nikiwa kidato cha tatu nilisoma riwaya moja ambayo jina lake nalificha makusudi, maana najua utakimbilia kuitafuta hiyo badala ya kushughulika na za kwako. Ndani yake kuna mama anayemsubiri mwanawe usiku. Kwa zaidi ya miaka 20 nimekuwa nikiwasimulia wanafunzi tukio hilo kama mfano wa uchoraji wa mandhari: mvua inapiga bati, chemli inafifia dirishani, mama amejitanda kanga mabegani. Siku moja nikaamua kwenda na kitabu darasani niwasomee. Nikafungua ukurasa. Nikapekua mbele, nikapekua nyuma, nikidhani nimekosea sura. Hakuna mvua. Hakuna chemli wala kanga. Kuna sentensi saba, na ndani ya hizo sentensi saba mama anainuka mara tatu kwenda kuosha sufuria ambayo tayari ni safi. Basi.

Wanafunzi walicheka, nami nikacheka nao kufunika aibu, lakini usiku ule nilikaa na zile sentensi saba mpaka nikasikia adhana ya alfajiri. Niliona kwamba ile sufuria ndiyo iliyofanya kazi yote. Mwandishi hakusema mama ana wasiwasi. Aliipa mikono yake shughuli, tena shughuli isiyohitajika, akairudia mara tatu, hofu ikajaa chumbani hadi mimi msomaji nikaitafutia na hali ya hewa. Halafu nikaona jambo la pili, ambalo ndilo linalojibu swali lako kuhusu sauti: ile mvua ilikuwa yangu. Ni mvua ya Korogwe, nyumbani kwa bibi yangu, kwenye bati lenye kutu upande wa jikoni, na ile chemli ni ile aliyokuwa akiiweka dirishani babu anapochelewa. Miaka yote hiyo nilikuwa nimeandika tukio langu ndani ya kitabu cha mtu mwingine, nikawa namsifia yeye.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua tukio moja unalolipenda katika kimojawapo cha vitabu vyako vitatu. Kitabu kiweke mbali, kabatini ikiwezekana. Liandike lile tukio kwa kumbukumbu, kwa maneno yako, kwa nusu saa, bila kuremba na bila kurudi nyuma kusahihisha. Lala. Kesho yake ndipo ufungue kitabu na penseli mkononi, ulinganishe. Utaona vitu ulivyoviongeza, vitu ulivyovisahau, na vitu ulivyovihamisha kutoka mahali pake. Ulichokisahau ndipo ufundi wa mwenzako ulipojificha, kwa sababu fundi seremala mzuri haachi alama ya randa kwenye mbao, na wewe ulipita bila kuhisi kwamba umepitishwa. Ulichokiongeza ni mali yako. Kichukue bila kuomba ruhusa ya mtu, kipeleke kwenye mswada wako, kwa sababu hakuna mhariri duniani atakayekionyesha kidole akasema ni cha fulani.

Tuchukue Rosa Mistika. Nimewauliza watu wengi inaishaje, wakiwemo walimu wanaoifundisha, na mara nyingi nimejibiwa kwamba Rosa anajiua. Kweli anajiua. Lakini riwaya haikomi pale. Kezilahabi anaendelea, anawapeleka Rosa na baba yake Zakaria mbele ya Mungu, huko ahera, na kesi inasikilizwa. Inawezekanaje mtu akasahau mahakama ya mbinguni? Nina dhana yangu. Riwaya hii ilipotoka mwaka 1971 ilizua zogo, ikapigwa marufuku mashuleni kwa muda, na tangu hapo watu wanaikumbuka kama kitabu cha msichana aliyeharibika. Hadithi ya msichana aliyeharibika inatakiwa iishe kaburini, ndivyo tulivyozoea, kwa hiyo kumbukumbu inakata pale na kutupa kinachobaki. Mwandishi aliyepita seminari hakukubali kukata pale. Alitaka Zakaria naye ahojiwe. Ukiiandika sura hiyo ya mwisho kwa kumbukumbu, angalia umempa nani maneno mengi, kisha nenda kaangalie Kezilahabi amempa nani.

Katika kitabu hicho hicho kuna kile kipigo cha mwanzo, Zakaria anampiga Rosa kwa sababu ya barua ya kijana. Nakuomba uhesabu: kabla barua haijafika, msomaji ameshapewa nini kuhusu nyumba ile? Andika kila kitu, hata kidogo, kuhusu mama yake Regina, kuhusu wale wadogo zake Rosa, kuhusu pombe. Utakuta kwamba kipigo chenyewe si kirefu kama unavyokisikia mwilini, na kwamba uzito wake umebebwa na kurasa zilizotangulia. Hiyo peke yake inaweza kukutibu ugonjwa nilionao mimi na karibu kila mwanafunzi niliyemfundisha, wa kutaka tukio kubwa liandikwe kwa maneno makubwa.

Kuhusu Kichwamaji nitakuwa mfupi kwa sababu hapo nina ubaguzi. Nilipoisoma nikiwa kijana niliamini kila alichosema Kazimoto. Msimulizi ni yeye mwenyewe, mwanafunzi wa chuo kikuu, na mimi nilikuwa natamani kuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, kwa hiyo tulielewana. Niliporudi kwake nikiwa na watoto wawili nilitamani kumnasa kibao. Riwaya ni ile ile ya 1974, hakuna nukta iliyohama. Swali la kifundi ni hili: je, Kezilahabi alijua kuwa siku moja nitataka kumnasa kibao Kazimoto? Mimi naamini alijua, na ushahidi uko kwenye watu wanaomzunguka Kazimoto, katika yale wanayoyafanya ambayo yeye anayasimulia bila kuyaelewa. Wewe uko chuo sasa, uko karibu na Kazimoto kwa umri na kwa maneno. Kisome kwa jicho la mama yake.

Vuta n'kuvute ndiyo umeizoea zaidi, kwa hiyo ndiyo itakayokupa taabu. Muulize mtu yeyote, atakuambia ni mapenzi ya Yasmini na Denge: binti wa Kihindi aliyeozwa akiwa mdogo kwa Bwana Raza, mtu mzima, akatoroka, akaja kumpenda kijana mwanasiasa katika Unguja ya mkoloni. Sasa jaribu zoezi hili, nimelitumia mara nyingi na halijawahi kuniangusha. Chukua chumba cha Mwajuma, rafiki wa Yasmini, huko Ng'ambo. Pitia riwaya yote, na kila chumba hicho kinapotokea andika nani yumo, nani ameingia, nani ametoka, na ameondoka na taarifa gani ambayo hakuingia nayo. Usiandike hisia. Andika tu mlango. Ukimaliza utakuwa na daftari linalofanana na kitabu cha mlinzi wa getini, na humo utaona jinsi Adam Shafi anavyofanya mapenzi, muziki, njaa na siasa vipite kwenye mlango mmoja mwembamba, bila kukupa hotuba ya kukuambia kwamba mambo hayo yanahusiana. Inspekta Wright akimtafuta Denge, anatafuta pia kitanda cha Yasmini, atake asitake. Mswada wako una chumba kama hicho? Kama hauna, watu wako wanakutania wapi? Miswada mingi inayonifikia wahusika wake wanakutana barabarani, wanasalimiana nusu ukurasa, wanaagana. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu waandishi wenyewe wanaishi barabarani siku hizi.

Nije kwenye sauti. Unasema unapojisoma unawasikia wao. Hilo nimelipitia, na lilinipata vibaya. Nikiwa na miaka 26 nilipeleka mswada wangu wa kwanza kwa mchapishaji, ukakaa miezi 14, ukarudi na barua ya mistari miwili. Lakini mhariri, ambaye sikuwahi kuonana naye, alikuwa ameacha alama za penseli pembeni. Kwenye aya moja ameandika jina la mwandishi mashuhuri. Aya ya pili, jina la mwingine. Ukurasa wa 30, jina la yule wa kwanza tena, na alama ya mshangao. Alikuwa amenifanyia ramani ya wizi wangu. Nililia, nikamchukia, kisha baada ya mwaka mmoja nikagundua kwamba kulikuwa na kurasa nne ambazo pembeni hazikuwa na jina lolote. Nilianza upya na hizo nne.

Kuiga hakukuanza na wewe. Shaaban Robert aliichukua hadithi ya Alfu Lela U Lela, akaijengea uti wa mgongo wa Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, na hakuna anayeifungua leo akadhani anasoma kitabu cha mtu mwingine zaidi ya Shaaban Robert. Muhammed Said Abdulla ndiye hasa wa kumtazama. Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957 hadi 1958, ikachapishwa 1960, na mpelelezi wake, Bwana Msa, ana kiko mdomoni na ana msaidizi wake Najum ubavuni. Aliyesoma habari za Sherlock Holmes, yule mpelelezi wa London, na daktari wake hawezi kukosa kuona nguo zimetoka wapi. Lakini nguo ile imekatwa upya ikamkaa mtu wa Unguja. Bwana Msa anachunguza katikati ya mashamba na ukoo, kati ya watu wanaoogopa mizimu na wanaojua nani mtoto wa nani, na hayo hayakutoka London.

Kwa hiyo dawa ya kuiga bila kujua ni kuiga kwa kujua. Mara moja kwa wiki nakili ukurasa mmoja wa kitabu chako kwa mkono, kwa kalamu, neno kwa neno. Mkono utashtuka mahali ambapo jicho lilipita tu: utahisi sentensi inapokatwa mapema kuliko ungeikata wewe. Halafu andika ukurasa wako wenye mifupa ile ile, idadi ile ile ya sentensi, ndefu mahali pa ndefu na fupi mahali pa fupi, lakini watu wako, mtaa wako, shida yako. Ukimaliza uchane, au uweke kwenye faili lisilohusiana na mswada. Nasisitiza hili. Ukurasa wa mazoezi usiingie kwenye kazi ya kukabidhi chuoni, hata kama umetoka mzuri kuliko vyote ulivyowahi kuandika. Hasa kama umetoka mzuri.

Kuna njia nyingine ya kukifanya kigeni kitabu ulichokizoea mno, nayo ni kutafsiri. Wewe unasoma Kiingereza. Tafuta Paradise ya Abdulrazak Gurnah, ya mwaka 1994, na uiweke kando ya Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka 2022, mwaka mmoja baada ya Gurnah kupata Nobel. Chukua zile kurasa za mwanzo ambapo kijana Yusuf anachukuliwa na tajiri Aziz kwa deni la baba yake. Yusuf amezoea kumwita Aziz kwa jina la undugu, na mwenzake Khalil anamkanya kwamba huyo si ndugu yako. Kiingereza kina neno moja kwa ndugu wa baba na ndugu wa mama. Sisi tuna ami, tuna mjomba, tuna baba mdogo na baba mkubwa, na kila moja lina haki zake na wajibu wake. Mtafsiri hawezi kujificha hapo. Lazima aamue huyu tajiri amejipachika upande gani wa ukoo, na akishaamua, uongo wa Aziz unapata sura. Kabla hujaangalia yeye ameamua nini, amua wewe. Utakuwa umeusoma ukurasa huo polepole kuliko ulivyowahi kusoma chochote. Kisha rudi kwenye Vuta n'kuvute ujaribu kupeleka ukurasa mmoja kwenye Kiingereza. Utakwama kwenye maneno ya Mwajuma kabla chai haijapoa.

Sasa lile la kujificha. Umesema vitabu unavishika usiku ukiwa hoi, na orodha imekwama kwenye 11. Binti yangu, mtu aliyefundisha tuisheni asubuhi, akahudhuria darasa mchana, akasimama kutoka Kivukoni au Ubungo hadi Kimara huku kwapa la mtu liko puani, akifika saa tatu usiku hahitaji fasihi. Anahitaji kitu ambacho hakitamshtua. Yasmini hatamshtua. Hiyo ni haki yako na sitaki uione aibu, ila ipe jina lake: ni mapumziko. Tatizo linaanza pale unapoyaandika mapumziko kwenye hesabu ya kazi, halafu Desemba inakaribia unashangaa kwa nini mara nane hazijakufundisha. Kipimo changu ni cha kienyeji lakini kinafanya kazi. Ukifunga kitabu ukajisikia kuvuta karatasi, ulikuwa kazini. Ukifunga ukajisikia kuvuta shuka, ulikuwa unapumzika. Hesabu hizo mara nane kwa kipimo hicho. Nakisia za kazini hazifiki tatu.

Na kuna hofu pia, nimeisikia kwenye barua yako ingawa hukuitaja. Riwaya mpya inaweza kuwa bora kuliko yako, na mwandishi wake anaweza kuwa na umri wako. Hawa wawili wa zamani, Kezilahabi na Shafi, hawakutishi kwa sababu umeshawapa kiti cha wazee. Mimi nina miaka ya kutosha kuwa mzazi wako na bado nikiletewa riwaya ya kijana aliyeandika vizuri, naanza kwa kutafuta makosa ya chapa.

Ratiba yako haina nafasi ya kuongeza kitu, kwa hiyo tuhamishe vilivyopo. Mwendokasi ndiyo wakati wa kumbukumbu, siyo wa kusoma. Umesimama, mkono mmoja umeshika bomba, mwingine umelinda pochi. Kitabu hukiwezi na simu utaibiwa. Lakini lile tukio ulilolichagua unaweza kulipitisha kichwani kutoka mwanzo hadi mwisho, kituo kwa kituo, ukijilazimisha kuona kila mtu amesimama wapi. Ukifika nyumbani andika kwa dakika chache ulichokiona, hata kwa vifupisho, kisha shika kitabu chochote cha kukubembeleza, kurasa kumi, ulale. Kulinganisha kufanye Jumamosi asubuhi, akili ikiwa na nguvu. Vitabu vipya vya orodha vipe Jumapili, na usivisome vyote kwa kasi moja: vingi kati ya hivyo 29 vilivyobaki vinahitaji kufahamika tu, sura mbili za mwanzo, moja ya katikati na ya mwisho, ujue vinafanya nini. Vitatu au vinne vitakukamata. Hivyo ndivyo vya kusoma mwanzo hadi mwisho, na kimoja kati yake, usishangae, mwakani utakuwa unakisoma kwa mara ya nne.

Kwa msimamizi wako usiende kujitetea. Nenda na daftari. Mfungulie pale ulipoandika sura ya mwisho ya Rosa Mistika kwa kumbukumbu, na ukurasa wa pili yake ulipoorodhesha ulichokosea, na wa tatu ambapo kitu ulichokiongeza kwa bahati mbaya kimegeuka aya ya mswada wako. Msimamizi hubishana na maelezo, akiona kazi hutafuta kalamu. Na kama kweli amekuambia uko kama mtoto, mwambie kwa heshima kwamba mtoto huwa anajua fisi anaingia lini.

La mwisho ni la matumizi. Nunua nakala ya pili ya Vuta n'kuvute, iliyotumika, kwa wale wanaotandaza vitabu chini. Hiyo uliyonayo umeipenda mno, hutathubutu kuichorachora, na zoezi la mlango haliwezekani bila kuchora. Nakala za mitumba zina faida nyingine: zimeshapita mikononi mwa mwanafunzi fulani, na utasoma naye. Yangu ilikuwa ya msichana wa kidato cha sita, nadhani msichana kwa mwandiko. Amepigia mstari kila palipotajwa ukoloni, kwa rula, wino wa bluu. Lakini kwenye ukurasa mmoja ambapo hakuna ukoloni wala dhamira ya aina yoyote, Yasmini na Mwajuma wapo tu ndani wanazungumza yao, mstari haukunyooka. Ameuchora bila rula, na pembeni ameandika "hapa", na baada ya hapo, kwa penseli, siku nyingine labda, "hapa tena".